Bibi Rula na Mistari Mipana

Usimwone vile, mwanamke yule amepima nyota mia nne na kumi na mbili, na hata moja hajawahi kuinua shingo kuitazama. Zikianza kung'aa yeye ameshalala fofofo, mumewe anakoroma pembeni, nazo zinafanya mambo yao huko juu bila habari naye. Kazi yake ni ya mchana. Chumba cha pili kushoto, ghorofa ya chini, jengo la elimu ya anga: meza moja, taa ya kuinamia, na hadubini ya mezani yenye skrubu ya shaba ubavuni. Miaka ishirini na miwili ameizungusha skrubu ile mpaka kidole gumba kimeota sugu upande mmoja. Ofisini wanamwita Bibi Rula. Nyumbani hali kadhalika, maana huyo hakati mkate bila kuupima kwa jicho, na wanawe walipokuwa wadogo walichongewa njia ya nywele iliyonyooka hadi walimu wakauliza nani kawapiga mstari.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe, nisije nikawaliza bila kujua mnalilia nini. Huko mlimani kulikuwa na darubini kubwa. Mwanga wa nyota ulipitishwa kwenye kifaa kinachouchana na kuutandaza uwe utepe, zambarau mwanzo, nyekundu mwisho, kisha utepe ukapigwa picha juu ya kioo. Ndani ya utepe mna mistari, alama za gesi zilizo kwenye ngozi ya nyota: huu wa heliamu, ule wa silikoni. Kwenye nyota kama jua letu mistari ni myembamba kama uzi. Lakini Profesa, mkuu wa kazi, alipenda nyota kubwa za moto, zile za buluu, nzito mara kumi, mara thelathini kuliko jua, na mistari ya hizo imetanuka kama doa la mafuta kwenye karatasi. Kwa nini imetanuka? Profesa alikuwa na jibu tangu ujana wake: zinazunguka. Nyota ikizunguka, ubavu mmoja unatujia na mwingine unatukimbia. Mwanga wa ubavu unaotujia unasogea kidogo upande wa buluu, wa ule unaokimbia upande wa nyekundu, na mstari uliokuwa mmoja unavutwa huku na huku mpaka unakuwa mpana. Pima upana, utajua kasi.

Wala Profesa hakuwa mjinga, msimwonee. Mistari ya haidrojeni alikataza isiguswe, kwa sababu gesi ikibanana huivimbisha mistari hiyo hata kama nyota imetulia tuli. Alichagua mistari mingine, isiyosumbuliwa sana na mbano. Hapo alijiona ameziba kila tundu.

Bibi Rula alimfikia kwa bahati. Alikuwa mdarizi wa vitambaa vya meza, akaja kuomba kazi ya kupiga chapa barua. Profesa akamwekea unywele mmoja chini ya hadubini, akamwambia aupime upana mara kumi bila kutazama jibu lililotangulia. Majibu kumi yakawa mamoja. "Wewe," Profesa akasema, "hapa hutapiga chapa hata barua moja." Na kweli hakupiga. Alipima, akaandika, akapima, na jedwali la Profesa likageuza kila upana kuwa kasi, kilomita kadhaa kwa sekunde. Miaka ikapita hivyo, watoto wakaoa, miwani ikabadilishwa mara nne.

Mwaka jana Profesa alianguka bafuni, akapooza upande wa kulia. Ndipo ikaamuliwa kitabu kitoke haraka, akione. Kitabu chenyewe ni ile orodha: kasi za nyota kubwa za moto, nyota mia nne na kumi na mbili, na chini ya jina la Profesa, kwenye jalada, jina la Bibi Rula. Miezi minne imembakia astaafu. Hakuwa na shahada, hakuwa na cheo, alikuwa na kitabu hicho tu, na alikitamani kama mgonjwa anavyotamani kupona.

Jumatatu fundi chapa akamletea kurasa za kusahihisha. Fundi huyu ni mtu wa watu, tatizo lake ni kusaidia bila kuombwa.

"Mama, nimekupangia vizuri," akasema. "Kasi ndogo juu, kubwa chini. Namba zilikuwa zimerukaruka mno."

"Nani kakutuma?" Bibi Rula akang'aka. "Orodha inafuata namba za nyota! Miaka yote inafuata namba za nyota!"

"Basi mama, kesho nitairudisha. Wewe sahihisha tu tarakimu."

Akaondoka na filimbi yake mdomoni. Bibi Rula akavuta kurasa huku akisonya, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza. Sitini na moja. Wa pili, sitini na tatu. Sitini na nne. Sitini na nne tena. Akaugeuza ukurasa kutafuta uliotangulia, akadhani fundi kausahau. Akaangalia namba ya ukurasa chini. Ni wa kwanza.

Hakuna iliyokuwa chini ya sitini. Katika nyota mia nne na kumi na mbili, hata moja! Akaketi pale mpaka chai yake ikaganda utando. Kila mtu katika jengo lile aliwahi kuishika orodha ile, na hakuna aliyewahi kuiona imepangwa hivyo, kwa sababu namba za nyota ndio utaratibu, na utaratibu haujadiliwi.

Jioni alikwenda moja kwa moja kwa mumewe, fundi wa majokofu, ambaye karakana yake iko nyuma ya nyumba. Mzee mwenyewe alikuwa amekifungua kijokofu tumbo wazi.

"Mbona sura hiyo?" akauliza. "Nyota imekuangukia?"

"Acha utani, baba watoto. Niwashie hiyo feni."

Akaiwasha, feni ndogo ya ndani ya jokofu. Bibi Rula akaishika ubavu. "Tazama hivi. Ncha ya panga hii inakujia, hii inakukimbia. Sivyo?"

"Ndivyo."

Akaigeuza imwelekee mumewe uso kwa uso. "Na sasa?"

"Sasa inanipulizia tu. Hakuna panga linalonijia wala kunikimbia."

"Eeeh! Nyota ikitutazama kwa utosi, hata ingezunguka kama kichaa, mzunguko wake hautanui mstari. Mstari unabaki mwembamba. Na nyota hazikupanga mstari kututazama kwa ubavu, kila moja imelala ilivyolala. Katika mia nne na kumi na mbili, kumi na tatu hivi lazima zitutazame kwa utosi, au karibu na utosi. Hizo zingesoma kumi na tano, ishirini, thelathini. Ziko wapi?"

Mumewe akazima feni. Si msomi, lakini kitu kinachozunguka anakijua. "Kwa hiyo kuna kitu kingine kinachozitanua."

"Zote."

"Kitu gani?"

"Zinachemka, baba watoto. Kitu kinatoka ndani, mawimbi, sijui nini, kinaitikisa ngozi yake, gesi huku inapanda na kule inashuka, na inayopanda inatujia, inayoshuka inatukimbia. Mstari unatanuka hata kama nyota haijageuka. Tumeandika yote ni mzunguko. Yote! Kumbe sehemu ni mzunguko na sehemu ni mchemko, na kila nyota ina kipimo chake cha huu na cha ule."

"Basi toeni mchemko, mbakize mzunguko. Si hesabu?"

Hapo Bibi Rula akajifunika uso kwa kanga. Mumewe hakuelewa kwa nini, na mimi nitawaeleza punde.

Usiku huo hakupata usingizi, asubuhi akawa wa kwanza kufika ofisini. Alikuwa na tumaini moja. Huenda kosa ni la kifaa, akajiambia, huenda ule mwanya wa kupitishia mwanga ulikuwa mpana, ukaitanua mistari yote sawasawa. Ingekuwa hivyo ingekuwa salama, angepunguza kiasi kilekile kwenye kila namba, mambo yakaisha. Kila kioo kilipigwa pia picha ya mwanga wa taa maalumu ya chuma, ambao mistari yake inajulikana kuwa myembamba. Akafungua daftari alimokuwa akiandika upana wa mistari ya taa, daftari la kwanza mpaka la thelathini na moja. Myembamba. Kote myembamba kama uzi wa kudarizia. Kifaa hakikuwa na kosa, na yeye hakukosea kupima hata mara moja. Alilia kwa sababu hakuwa amekosea, mnaona mambo hayo?

Basi dawa ilikuwa moja tu. Upana peke yake hauwezi kutenganisha mzunguko na mchemko, lakini umbo la mstari linaweza. Mstari uliotanuliwa na mzunguko una umbo la bakuli: kingo zimesimama, chini pameviringika. Uliotanuliwa na mchemko una umbo la hema: kilele chembamba, pindo ndefu zimetambaa huku na huku. Bibi Rula aliyajua mahema hayo. Aliyaona miaka mingi, lakini aliagizwa apime upana katikati ya kina cha mstari, akapima katikati ya kina, akaandika namba moja. Sasa angehitaji kurudi kwenye vioo vyenyewe, achore umbo la kila mstari.

Vioo havikuwepo. Hicho ndicho kilichomfunika uso mbele ya mumewe.

Miaka kumi na mmoja nyuma paa la stoo lilivuja. Masanduku yakaota ukungu, afisa majengo akakitaka chumba. Profesa alikuwa safarini nje ya nchi kwa miezi mitano. Afisa majengo akaja na fomu: vioo elfu mbili na kitu, vihamishwe au viondolewe? Pa kuvihamishia hapakuwepo. Bibi Rula, aliyekuwa ameshavipima vyote, tena mara mbili mbili, akasema maneno ambayo angetoa jicho kuyarudisha: "Namba tunazo. Vioo vya nini tena?" Akasaini. Fundi fremu akaja na mkokoteni. Profesa aliporudi hakuuliza, naye hakusema. Kwanza aliona halina uzito, baadaye akaona limechelewa. Darubini ya mlimani, iliyokuwa imeshageuziwa kazi nyingine, ikafungwa miaka mitano baadaye, kifaa kikang'olewa.

Basi siku ileile aliyofungua madaftari, saa saba mchana, alikuwa mlangoni kwa fundi fremu. Mzee wa ndevu za vumbi la mbao, mchangamfu kupita kiasi.

"Vioo vya nyota!" akafurahi. "Mama, vioo vile sijapata tena. Vyembamba, havina povu hata chembe. Vimenilisha miaka mitatu."

"Viliisha vyote?"

"Vyote."

"Labda sanduku moja lilibaki. Nyuma. Chini ya mbao."

"Mama, mimi nakijua kila kipande humu. Tuliviloweka kwenye maji ya moto na magadi, ile picha inatoka yenyewe, kama utando wa maziwa. Watoto walikuwa wakigombania kuimenya." Akashusha fremu moja ukutani kumwonyesha. "Hiki ni kimojawapo. Mwenyewe hajaja kuchukua."

Ndani mlikuwa na bwana na bibi harusi wakicheka. Bibi Rula akakisogeza kioo karibu na pua, akakikagua pembe moja hadi nyingine, akakiinamisha kwenye mwanga. Fundi fremu akadhani anakipenda.

"Nikufungie?"

Bibi Rula akamrudishia fremu. Alitoka akaegemea ukuta wa duka, akapigwa na jua la mchana pale nje mpaka mpita njia akamuuliza kama anaumwa. Akasema ndiyo.

Nyumbani akamweleza mumewe yote, hadi saini. Mumewe akakuna kichwa, akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Ishia hapohapo!" akamfokea. "Usiniletee methali! Nimemuua mtu na wewe unaniletea methali!"

"Haya, sileti." Akavuta kigoda, akaketi. "Kitabu kinakwenda mtamboni lini?"

"Kesho kutwa."

"Ukinyamaza?"

"Kitatoka. Profesa atakishika kwa mkono mmoja, atafurahi, atakufa amefurahi. Na jina langu litakuwa juu ya namba za uongo."

"Na ukisema?"

Bibi Rula akampa mgongo. Alilala na nguo zake. Asubuhi mumewe alimletea viatu, akavipanga mbele yake kama anavyopangiwa mtoto wa shule. "Mficha uchi hazai, mama watoto," akasema. "Ndiyo, ni methali. Nenda."

Mke wa Profesa ndiye aliyemfungulia. "Afadhali umekuja, mdogo wangu. Jana kutwa anakuulizia wewe na kitabu chake." Profesa alikuwa kitandani, mito mitatu mgongoni, mkono wa kulia umewekwa juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine. Bibi Rula akamwamkia, akamtandikia ukurasa wa kwanza magotini, uleule wa fundi chapa, kasi ndogo juu.

Profesa akasoma. Maneno yake yalikuwa yakitoka upande mmoja wa mdomo, polepole, lakini kichwa hakikupooza. "Umepanga kwa kasi."

"Fundi chapa alipanga."

"Sitini na moja." Kidole cha kushoto kikatambaa chini, kikarudi juu. "Taa?"

"Nimeangalia madaftari yote. Taa haina kosa."

"Kwa hiyo hakuna iliyotutazama kwa utosi."

"Hakuna, Profesa."

Bibi Rula akangoja ghadhabu. Aliijua ghadhabu ile, imewahi kuvunja kikombe. Lakini mzee alifumba macho, na alipoyafumbua yalikuwa yanang'aa, jamani, kama ya kijana aliyepata barua. "Kumbe zinachemka," akasema. "Miaka arobaini nazitazama, kumbe zinachemka! Kutoka ndani! Bibi Rula, hili ni kubwa kuliko kitabu. Wazuie mtamboni. Tunaanza upya. Umbo la mistari, umbo, si upana. Niletee vioo ishirini vya kwanza. Nitakuelekeza, utachora, mkono wangu utakuwa wewe. Nina mwaka mmoja, hata miwili, daktari kasema." Akamgeukia mkewe aliyesimama mlangoni. "Mama, nitolee mto huu, nataka kukaa sawa!"

Mkewe akaja kumwinua huku machozi yakimtoka kwa furaha, kwani tangu aanguke mumewe hakuwa ameomba kukaa sawa. Bibi Rula akawatazama wakihangaika na mito. Aliwaza kukimbia. Aliwaza kusema vimepotea, vimeibwa, viliungua.

"Profesa. Vioo havipo."

"Viko stoo."

"Havipo. Ulipokuwa safari ile ya miezi mitano paa lilivuja. Walitaka chumba. Niliwaruhusu wavitoe."

"Vyote?"

"Vyote. Vilioshwa. Vimekuwa vioo vya fremu."

Mkewe akausimamisha mto hewani, hajui auweke wapi.

"Ulisaini?" Profesa akauliza.

"Nilisaini."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Profesa alimtazama tu, muda mrefu, kisha akauachia mwili wake ukalala tena chali. "Rudisha mito," akamwambia mkewe. Kisha, bila kumgeukia Bibi Rula: "Upana ni wa kweli. Kasi ndiyo ya uongo. Badilisha kichwa cha safu. Andika upana. Sababu usiandike." Akapumzika. "Na uandike vioo vimekwenda wapi. Watu watauliza."

"Ndiyo, Profesa."

"Nenda kazini sasa. Utachelewa."

Kwenye karakana ya chapa mashine zilikuwa zinapiga kelele, ikabidi fundi chapa amvutie kwenye kijumba cha kioo cha pembeni ili wasikilizane. Bibi Rula akakaa na kalamu nyekundu. Kurasa kumi na nne, na juu ya kila ukurasa neno "kasi" akalikata kwa rula, akaandika "upana". Kumi na nne. Fundi chapa alikuwa akimchungulia begani.

"Mama, sasa huku ni kuharibu! Kitabu kizima kinazungumzia kasi. Wasomaji watajuaje zinazunguka kiasi gani?"

"Hawatajua."

"Na sisi tunajua?"

"Hapana."

Akachukua karatasi tupu akaandika sentensi moja ya kuwekwa mwanzoni, kabla ya jedwali. Aliiandika mara moja bila kufuta, kwa mwandiko wake uleule mdogo, ulionyooka. Fundi chapa akaichukua, akaisoma kwa sauti kama ilivyo desturi yake, ili ahakikishe haruki neno.

"'Vioo vya nyota hizi havipo tena, viliharibiwa kwa idhini ya mpimaji, kwa hiyo sababu ya upana wa mistari haiwezi kuchunguzwa upya.'" Akainua macho. "Hee! Vioo vyote hivyo? Huyu mpimaji ni nani, asiye na akili hivyo?"

"Ni mimi, kaka."

Mashine nje zikaendelea na kelele zao. Fundi chapa akaikunja karatasi, akaikunjua, akakohoa.

"Naweza kuiweka kwa herufi ndogo, mama," akasema. "Chini kabisa. Watu hawasomi ya chini."

"Weka sawa na nyingine," Bibi Rula akasema, akafunga kalamu, akasimama kutafuta mlango.